Jinsi ya Kupata Senta ya Chumba Kabla ya Kuweka Tailizi

Karibu mtazamaji. Tuko Nzuguni, Dodoma, kwenye chumba cha mita 4.2 kwa 3.6. Sakafu imekauka. Mfuko wa gundi usiufungue kwanza; tunatafuta senta, katikati halisi ya chumba.

Fagia, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu uache pakauke. Kiangazi cha hapa upepo haupumziki, na vumbi likibaki chini, chaki haishiki, wala gundi haitashika.

Chukua futi ya kupimia. Pima ukuta mfupi wa mlangoni, halafu wa dirishani. Usipime mmoja ukadhani mwenzake yuko sawa. Tazama: mlangoni 3.60, dirishani 3.56, kwa sababu lipu ya huku ni nene. Gawa kila ukuta kivyake: alama ya kwanza 1.80, ya pili 1.78. Unganisha alama hizo kwa uzi wa chaki. Kaza, nyanyua, achia. Sasa pima kwenye mstari huo mita 2.1. Hapo ndipo senta.

Mstari wa pili ndio unaowakosesha wengi. Wanagawa kuta ndefu nazo, wanaunga alama, wanaanza kazi. Chumba kikiwa hakina skwea, yaani kona zake si nyuzi 90, mistari haikutani kwa pembe mraba, na nafasi za grauti, zile za kati ya tailizi na tailizi, zinaanza nyembamba zinaishia nene. Fanya hivi: toka senta, pima sm 90 kwenye mstari wa kwanza, weka alama. Toka senta tena, pima sm 120 kwenda ubavuni. Kati ya alama hizo mbili lazima upate sm 150 kamili. Isipolingana, sogeza ile ya ubavuni, ila ibaki sm 120 toka senta. Ikilingana, piga uzi wa chaki kupitia senta na alama hiyo; huo ndio mstari wa pili. Usitumie 30, 40 na 50 kwa uvivu. Ukikosea milimita 2 kwenye sm 40, ukifika ukutani, mita 1.8 mbele, umeshapinda karibu sentimita nzima.

(Kama unatafuta senta ya feni tu, vuta kamba mbili kona kwa kona, zinapokatana panatosha.)

Sasa panga tailizi kavu, bila gundi, kuanzia senta. Zetu ni sm 40 kwa 40, nafasi milimita 3. Kwenye upana zinaingia nne kila upande, kinabaki kipande cha sm 18 hivi. Kinakubalika. Kwenye urefu zinaingia tano, na kinachobaki hata sm 9 hakifiki. Ukanda mwembamba hivyo huvunjika ukiukata, na ukikaa ukutani unaonyesha kila kosa la lipu. Dawa yake ni kusogeza mstari wa pili sm 20, nusu ya tailizi, ili senta iangukie tumboni mwa tailizi badala ya kwenye ungio. Vipande vya pembeni vinakuwa sm 28 na kitu, pande zote mbili.

Kabla ya kuanza, simama mlangoni uangalie. Ukiridhika, koroga gundi, na kwa joto hili tandaza eneo la tailizi mbili au tatu tu. Gusa kwa kidole: isiponata, imeshafanya ngozi. Ikwangue, weka nyingine.