Serotonini ya tumboni haifiki kichwani

Ndugu zangu, naanza na asilimia 90, maana ndiyo inayouza chupa za mitishamba. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayopeleka ujumbe na kuhusishwa na hali ya moyo, hutengenezwa utumboni. Hiyo ni kweli. Kisha muuzaji anaruka: sonona ni upungufu wa serotonini, serotonini inatoka tumboni, basi kunywa mitishamba ya Kichina usafishe utumbo, na vidonge vya hospitali weka kando. Hapo nakataa, na nitakataa kila nikipewa kipaza sauti!

Serotonini ile kazi yake kubwa ni hukohuko, kusukuma chakula. Ikiingia damuni haivuki kizuizi kinachoulinda ubongo. Ubongo hujitengenezea yake, kwa triptofani, kiungo cha protini tunachokipata kwenye chakula. Ndiyo, bakteria wa utumbo nao huitumia triptofani hiyo, na neva ya vagasi hupeleka habari za tumbo ubongoni. Njia zipo. Lakini njia kuwepo hakuthibitishi kwamba chupa yako imepita humo.

Mtaniambia Wachina wametumia dawa hizi karne na karne. Sawa, tuitazame moja. Xiaoyao San, dawa ya mchanganyiko wa mitishamba, imo katika kitabu cha dawa cha serikali ya China ya enzi ya Song, zaidi ya miaka 900 iliyopita. Hupewa mtu mwenye huzuni, mbavu zinabana, chakula hakimwendei. Matabibu wao husema qi, yaani nguvu ya uhai, ya ini imekwama na wengu umedhoofu; kwa hiyo mitishamba ya chaihu, danggui na baishao huchemshwa pamoja na baizhu, fuling, gancao, tangawizi na mnanaa. Huzuni na tumbo vinatibiwa katika chungu kimoja. Naiheshimu sana fikra hiyo.

Sasa shikeni gancao peke yake, ule mzizi mtamu. Utamu wake ni glisirizini, ambayo yenyewe haifyonzwi vizuri. Inateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanaimenya, na kinachobaki ndicho kinachoingia damuni. Kwa hiyo watu wawili wakinywa chungu kimoja, kila mmoja anapata dozi yake, kutegemea bakteria alionao. Hii ndiyo habari kubwa ya utumbo na mitishamba, na hakuna anayeiandika kwenye chupa! Tena kitu hichohicho kikizidi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Halafu mama mwenye presha anaambiwa, "Ni ya asili, haina madhara."

Na artemisinini, ile dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa Kichina, je? Vizuri mmeitaja. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata fununu katika maandishi ya tabibu wa kale Ge Hong ya karne ya 4, lakini hakuishia hapo: alikamua dondoo ya mmea, akaijaribu kwa wanyama, akainywa mwenyewe, kisha wagonjwa, na kiini chenyewe kikatengwa. Leo dawa zitokanazo na kiini hicho zimo ndani ya dawa mseto ya malaria tunayomeza. Mitishamba ya sonona nayo ipitishwe kwenye majaribio kama hayo. Majaribio ya Xiaoyao San kwa watu yapo, ila mengi ni madogo na dhaifu.

Muda unanibana. Mfano mmoja wa hatari, Ubelgiji, miaka ya 1990: mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine katika dawa za kupunguza unene, figo za wanawake zaidi ya 100 zikaharibika. Anayetumia vidonge vya sonona asiviache ghafla. Ampelekee daktari wake pakiti ya mitishamba aione. Suala la danggui na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tutaligusa kwenye maswali.