Kahawa ya Mjomba: Kuwasoma Washairi wa Kinavajo kwa Masikio ya Kiswahili

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma karibu na mlango, habari za jioni.

Nitaanza na mkebe wa kahawa. Luci Tapahonso, mshairi wa Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, aliyezaliwa Shiprock, New Mexico, mwaka 1953, ana shairi fupi lenye jina la kahawa ya dukani, Hills Brothers. Halina vita, wala farasi, wala tai angani. Mzee mmoja mfupi, asiyejua Kiingereza, anapita asubuhi nyumbani kwa dada yake akielekea dukani. Dada hayupo, yupo bintiye. Mzee anatania kwamba labda dada akimwona kwa mbali hurukia gari na kutimua mbio. Wanacheka. Anamiminiwa kahawa, anatia sukari na maziwa mpaka kahawa yenyewe inapotea humo. Mara anauona mkebe. Aa, anasema, hii ndiyo ile ya mtu aliyevaa gauni, kama mtu wa kanisani. Hii ndiyo inayonikolea.

Mkebe huo una picha ya mtu mwenye kilemba na vazi refu, kainua bakuli anakunywa. Nilipouona kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mzee wa Kinavajo kaona gauni la padri. Sisi tungeona kanzu, na tungeuliza tende ziko wapi.

Sasa tulitazame neno moja. Shairi ni la Kiingereza, lakini mzee anapotajwa tu, Tapahonso anaweka neno la kwao, *shidá'í*, kisha inambidi alieleze: kaka wa mama yangu. Inambidi kwa sababu Kiingereza kina "uncle" mmoja kwa wote, wa kwa baba na wa kwa mama, na hata mume wa shangazi. Mimi nikilitafsiri shairi hilo sina la kueleza. Mjomba wangu. Basi. Msomaji wa Kiswahili anajua mara moja kwa nini mzee huyu anaingia jikoni bila kubisha hodi, kwa nini utani wake ni juu ya dada yake, na kwa nini binti anamwongeza kahawa bila kuulizwa.

Na si hilo tu. Dada mdogo wa mama, Wanavajo humwita *shimá yázhí*. *Shimá* ni mama yangu, *yázhí* ni mdogo. Mama mdogo! Vitabu vya Kiingereza huandika "aunt", na nusu ya mapenzi imemwagika njiani.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Washairi hawa wengi huandika kwa Kiingereza, nasi tunawapokea kana kwamba Kiingereza ndicho kilichowazaa. Lakini chini ya Kiingereza hicho kuna lugha nyingine inayopumua, na baadhi ya pumzi zake sikio la Mswahili linazitambua kabla Kiingereza hakijamaliza kuzieleza. Si zote, na nitafika huko.

Kwanza, ni akina nani? Wenyewe hujiita Diné, yaani watu. Waliosajiliwa kama raia wa Taifa la Navajo walikaribia 400,000 mwaka 2021. Ardhi yao iko Arizona, New Mexico na Utah, takriban kilomita za mraba 70,000; Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifiki hapo. Lakini mipaka wanayoitaja wenyewe ni milima mitakatifu 4, mmoja kila upande wa dunia, kila mmoja na rangi yake: mweupe mashariki, wa samawati kusini, wa manjano magharibi, mweusi kaskazini.

Na mtu wao akijitambulisha kwa heshima haanzi na cheo wala kazi. Hutaja koo 4: wa mama yake, ambao ndio ukoo wake yeye; wa baba yake; wa babu mzaa mama; na wa babu mzaa baba. Washairi wengi hufanya hivyo jukwaani kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Mgeni hudhani hiyo ni dibaji tu. Kumbe aliyekaa ukumbini, akisikia ukoo unaofanana na wake, kesha pata dada au mjukuu pale pale, na shairi linalofuata atalisikiliza kama jambo la nyumbani.

Rudini kwenye kahawa. Kinavajo kina kitu ambacho sisi hatuna. Sisi maumbo ya vitu tumeyaweka kwenye ngeli za majina: ki-, vi-, m-, mi-. Wao wameyaweka kwenye kitenzi. Ukisema "nipe", kitenzi hubadilika kwa kufuata kinachotolewa: kitu cha mviringo kigumu kina chake, kamba ina chake, fimbo ina chake, nguo au karatasi ina chake, kitu cha majimaji kama tope kina chake, na kilichomo ndani ya chombo kilicho wazi, kama kahawa kikombeni, kina chake. Kwa hiyo kuomba kikombe cha kahawa na kuomba mkebe wake ni vitenzi viwili. Mshairi aliyelelewa humo akiandika kwa Kiingereza anapungukiwa na mikono. Ndiyo maana utamwona anakazana kueleza kitu kilivyoshikwa, kilivyolala, kilivyoning'inia. Wahakiki wengine huliita hilo umakini wa picha. Mimi naona ni mtu anayetafuta vitenzi alivyonyang'anywa.

Lipo pia neno *jiní*. Katika masimulizi ya Kinavajo hutokea mara kwa mara, mara nyingi mwishoni mwa sentensi: *jiní*, *jiní*. Maana yake, inasemwa. Washairi wengine huliacha hivyo hivyo katikati ya Kiingereza, na Anthony Webster, mtaalamu wa isimu ambaye amewasikiliza washairi hawa kwa miaka mingi, ameliandikia kurasa nyingi. Haraka haraka nilitaka kulitafsiri "ati". Nikajizuia. "Ati" yetu ina jicho la pembeni. Anayesema ati anaosha mikono. *Jiní* haioshi mikono. Inasema: maneno haya sikuyatunga mimi, nimeyapokea kwa waliopokea. Pengine "wazee wanasema" ndiyo iliyo karibu, ingawa ni ndefu mno kuirudia kila sentensi.

Najua mtaniuliza, maana hata njiani nimeulizwa: vina viko wapi? Mizani je? Tumezoea kubishana sisi kwa sisi, wa mapokeo na wa mashairi huru, basi tunawapelekea wenzetu ugomvi wetu. Mizani yao ya kale ni marudio, na hesabu ya marudio ni 4. Katika ibada ya uponyaji inayokesha usiku 9, ambayo Washington Matthews, daktari wa jeshi la Marekani, aliitolea kitabu mwaka 1902, maneno ya urari na uzuri, *hózhó*, yanafunga sala kwa kurudiwa mara 4. Jina la riwaya ya N. Scott Momaday, *House Made of Dawn* ya 1968, limetoka kwenye sala za ibada hiyo. Momaday alikuwa Mkiowa, si Mnavajo. Naligusa hilo na kupita, kwa sababu sala ile si shairi la kutumbuizia watu. Ni dawa, na dawa ina mwenyewe.

Mwenye kuchezea sauti kwa ajili ya sauti ni Rex Lee Jim wa Rock Point, Arizona. Yeye huandika kwa Kinavajo chenyewe, na aliwahi kuwa makamu wa rais wa Taifa la Navajo, 2011 hadi 2015. (Wanasiasa wetu wanaotunga, mpo?) Kitabu chake kimoja kinaitwa *saad*, yaani maneno, lugha. Ana shairi juu ya panya lenye maneno machache kuliko vidole vya mikono. Jina la panya kwa Kinavajo, *na'asts'ǫǫsí*, limebeba ndani yake mlio wa kufyonza, au wa kubusu, *ts'ǫǫs*. Shairi lote ni jina hilo na mlio huo vikifukuzana. Litafsiri kwa Kiingereza ubaki na panya anayefyonza, huna shairi. Lakini msemaji wa lugha yenye kuanguka pu, kuchanika nya na kunyamaza ji haelezwi tanakali ni nini.

Sasa niwapeleke 1864, miaka 6 tu baada ya Mwana Kupona kumtungia bintiye utendi kule Lamu. Jeshi la Marekani, likiongozwa uwanjani na Kit Carson, lilichoma mashamba, likachinja mifugo na kukata mipichi ya bonde la Canyon de Chelly, mpaka watu wakajisalimisha kwa njaa. Wakatembezwa kwa miguu zaidi ya kilomita 480 hadi Bosque Redondo, mahali wanapopaita *Hwéeldi*. Zaidi ya watu 8,000 waliwekwa huko, na inakadiriwa zaidi ya 2,000 walifia huko. Tarehe 1 Juni 1868 ulitiwa saini mkataba, wakaruhusiwa kurudi katikati ya milima yao. Ni wachache sana kati ya wenyeji asilia wa Marekani waliorudi kwao baada ya kuhamishwa namna hiyo.

Tapahonso ana shairi linaloitwa "In 1864". Tazameni anavyoingia: kwa gari. Watu wako safarini, wanapiga hadithi. Kuna fundi aliyekwenda kufunga nyaya za umeme karibu na pale Hwéeldi, akasikia vilio usiku, akaacha kazi akarudi nyumbani. Kuna shangazi, naam, hapo hata mimi nimeangukia kwenye mtego wa "aunt", ambaye kila akianza kisa humwambia mtoto kwamba upo hapa leo kwa sababu ya yaliyompata bibi mzaa bibi yako. Halafu mwishoni, bila kupandisha sauti, mshairi anahesabu walichorudi nacho: unga wa ngano, na ule mkate wa kukaanga ambao leo kila mtu anauita wa jadi, sketi ndefu za pindo juu ya pindo, na mapenzi ya kahawa kali.

Kahawa. Ile ya mjomba. Mtu akilisoma shairi la mkebe kabla ya hili atacheka. Akilisoma baada ya hili atacheka vile vile, nami napenda kwamba Tapahonso hakumnyang'anya mjomba kicheko chake. Mwaka 2013 alikuwa wa kwanza kupewa cheo cha malenga wa Taifa la Navajo.

Wa pili alikuwa Laura Tohe, mwaka 2015. Kitabu chake *No Parole Today*, cha 1999, kinaanza kwa kumwandikia barua marehemu: Richard Pratt, mwanajeshi aliyeanzisha shule ya bweni ya Carlisle mwaka 1879 na kutangaza kwamba yampasa mtu kuua Uhindi, yaani ule uenyeji wa Marekani, ndani ya mtoto ili kumwokoa mtu. Tohe anaandika juu ya watoto wanaozabwa kwa kusema lugha ya mama, na walimu wanaoyakanyaga majina yao kila asubuhi wakiita mahudhurio. Wapo humu ukumbini waliovalishwa kibao shingoni kwa kosa hilo hilo. Sitawaambia wanyooshe mikono.

Na baba yake Tohe alikuwa mmoja wa Wanavajo takriban 400 waliotumia lugha hiyo hiyo kama msimbo wa jeshi katika Vita vya Pili. Walioutunga, mwaka 1942, walikuwa 29. Nyambizi waliiita samaki wa chuma. Mabomu waliyaita mayai, maguruneti viazi. Kifaru cha vita kwao kilikuwa kobe; sisi tuliona pembe, wao wakaona gamba. Marekani yenyewe waliiita mama yetu. Nimekaa na hilo la mwisho muda mrefu, nikamkumbuka mtoto wa bwenini na mkono wa mwalimu wake.

Jake Skeets ni wa kizazi cha juzi. Kitabu chake cha 2019 kina jalada lenye picha iliyopigwa na Richard Avedon mwaka 1979 mjini Gallup: kijana wa Kinavajo, nywele ndefu, anatazama kamera. Avedon aliiandikia picha jina na neno moja, "drifter", mtu wa kuzurura. Kijana yule alikuwa ndugu wa mzazi wa Skeets, na aliuawa muda mfupi baadaye. Kiingereza kinasema "uncle", nasi tunabaki tumeshika kalamu, tuandike mjomba au baba mdogo. Lolote kati ya hayo mawili ni jibu la kutosha kwa neno la Avedon.

Namalizia na Sherwin Bitsui wa White Cone, Arizona, na kitabu chake *Flood Song* cha 2009. Mnajua nchi ile ni kavu, na maelfu ya nyumba hadi leo hazina bomba. Maji hubebwa kwa pikapu, kwa mapipa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mkataba ule wa 1868 hauilazimu serikali kuchukua hatua za kuwatafutia maji. Kitabu cha Bitsui kilikuwa kimetoka miaka 14 kabla, na kinafunguka kwa neno moja la Kinavajo, *tó*, limerudiwa, likishuka ukurasani, karatasi iliyobaki nyeupe. *Tó* ni maji.

Nilijaribu kuutafsiri ukurasa huo. Niliandika "maji", moja chini ya jingine, ukakataa kudondoka. Nikafuta, nikaandika "ndo, ndo, ndo", kama wazee waliposema chururu si ndo ndo ndo. Ukadondoka vizuri, ila maji hayamo. Katika daftari langu bado nimeuacha alivyouandika yeye.

Tó
tó
tó