Ng'ambo Iliyo Karibu: Kuongoza Ziara za Wanafunzi Nje ya Nchi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakuu wa shule, walimu wenzangu, na wazazi mliofika,

Mtu akisimama nje ya ukumbi huu siku isiyo na ukungu, huiona nchi ya kigeni bila kulipa hata senti moja ya nauli, kwa sababu milima ile upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika iko Kongo. Watoto wetu wamekua wakiitazama. Hata hivyo, miaka kadhaa iliyopita nilipowauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nani angependa kwenda nje ya nchi, darasa zima lilinyoosha mikono, na nilipowauliza ni wapi, wakataja London, Dubai na Marekani. Hakuna aliyeitaja Burundi, ambayo mpaka wake uko kilomita 60 hivi kutoka mjini hapa Kigoma.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuongoza ziara za wanafunzi nje ya nchi, nami nitazungumzia ng'ambo hiyo iliyo karibu. Ndiyo niijuayo, na tena nimefikia kuamini kwamba mwanafunzi wa umri huu hufundishwa zaidi na nchi anayoielewa nusu kuliko nchi asiyoielewa kabisa. Anayekwenda mbali sana hushangaa, na mshangao ukizidi humwachia kazi moja tu, kupiga picha. Anayekwenda kwa jirani hulazimika kutazama kwa makini, maana tofauti ni ndogo na zimejificha ndani ya mambo anayodhani anayajua.

Safari yetu ya kwanza nusura ikwame Manyovu, kituo cha mpakani mwa Tanzania na Burundi. Tulikuwa na wanafunzi 32 na walimu watatu, na mimi ndiye niliyekusanya nyaraka zote: hati za dharura za kusafiria, barua za ridhaa za wazazi, na vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Tulipofika mpakani nikagundua kwamba cheti cha mwanafunzi mmoja kilibaki kwenye mtoto wa meza yangu nyumbani. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na silisemi kwa fahari. Ilibidi cheti kiletwe kwa bodaboda kutoka mjini, na sote tukakaa chini ya mti kukisubiri kwa zaidi ya saa mbili. Wanafunzi, kwa kukosa la kufanya, wakaanza kutazama. Waliwaona akina mama wakivuka na vikapu vya ndizi na madumu ya mawese, wakisalimiana na watu wa upande wa pili kwa majina, kama watu wa mtaa mmoja. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hawa nao wanakwenda nje ya nchi?" Tangu siku hiyo hupanga saa nzima ya kukaa mpakani hata kama nyaraka zimekamilika, na huzihakiki siku tatu kabla, mbele ya mwalimu mwingine.

Kuna jambo moja la usalama ambalo sijapata kuliona katika mwongozo wowote. Basi letu, kama mabasi ya Tanzania yalivyo, lina mlango upande wa kushoto, kwa kuwa sisi huendesha kushoto na abiria hushukia ukingoni. Ukishavuka na kuingia Mugina, upande wa Burundi, magari huenda kulia. Basi likiegeshwa kando ya barabara, mlango ule ule hufungukia upande yanakopita magari, na mtoto aliyezoea kuruka kutoka kwenye basi bila kutazama hurukia mbele ya lori. Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba mwalimu mmoja hushuka kwanza, akasimama barabarani, ndipo wengine washuke mmoja mmoja wakipitia mbele ya basi. Aidha, wanafunzi huzoezwa kabla ya safari kutazama kushoto kwanza wanapovuka barabara. Tulifanya zoezi hilo katika uwanja wa shule, wakacheka sana. Bujumbura hawakucheka.

La saa ni dogo, lakini limewahi kutupotezea watu wanne kwa muda. Burundi na Rwanda ziko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo saa mbili asubuhi ya Kigoma ni saa moja asubuhi ya Bujumbura, na simu nyingine hujibadilisha zenyewe ilhali nyingine hazibadiliki. Mwalimu wa jiografia ana somo zuri hapa, kwa sababu Kigoma na Bujumbura ziko karibu katika longitudo moja na jua huchomoza kwetu sote karibu wakati mmoja. Kinachotofautiana ni saa za serikali tu, na sisi tunafuata saa zile zile za Dar es Salaam, iliyo mbali mashariki.

Sasa nifike kwenye lugha, ambako ndiko nilikovuna zaidi. Kiha, lugha ya Waha wa huku kwetu, na Kirundi, lugha ya Burundi, ni ndugu wa karibu sana, na msemaji wa lugha moja huifuata nyingine bila taabu kubwa. Katika msafara wetu alikuwepo kijana kutoka kijiji kimoja cha Buhigwe, ambaye darasani hakuwa akinyoosha mkono, kwani Kiingereza kilimwia kigumu na Kiswahili chake kilichekwa na wenzake waliolelewa mjini. Tulipofika sokoni Rumonge, wale wa mjini walijaribu Kiingereza, hakikuwafikisha popote. Yeye alisalimia kwa Kiha, akajibiwa kwa Kirundi, na baada ya dakika kumi alikuwa amezungukwa na wauza dagaa wakimuuliza habari za kwao. Jioni ile wenzake walimfuata kila alikokwenda ili awatafsirie. Sikumpangia kazi hiyo, wala nisingeweza kuipanga. Nilijiuliza usiku huo ni mara ngapi shuleni tumewaadhibu watoto kwa kuzungumza lugha ile ile iliyotulisha siku hiyo. Kiswahili nacho kina makao yake huko, na katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, wanafunzi walikikuta kikizungumzwa kwa lafudhi iliyowafanya wasikilize upya maneno yao wenyewe.

Kusini kidogo ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya wasafiri Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Mwenyeji wetu alituambia kwa uhakika kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana. Mnaweza kukisia ghadhabu ya watoto waliokua Ujiji, hapa hapa Kigoma! Walikutana kwetu, chini ya mwembe, walisema, na kuna makumbusho. Mkuu wa msafara hapo hushawishika kutoa hukumu. Mimi nilinyamaza, nikawaachia tarehe ile waifikirie. Baada ya mabishano, mmoja alikumbuka kwamba wawili hao, wakishakutana Ujiji, walisafiri pamoja kwa mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa ili wajue kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, wakakuta unaingia. Jiwe, basi, ni la safari hiyo. Msichana mmoja akauliza ni akina nani waliopiga makasia kutoka Ujiji mpaka pale, na kwa nini majina yao hayakuchongwa. Mwenyeji hakuwa na jibu, wala mimi.

Gishora, karibu na Gitega, palikuwa na ugumu wa namna nyingine. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika, na kuzisikia kifua kikitetema ni jambo lisilosimulika. Wasichana wetu wawili waliomba kupiga, wakaelezwa kwamba kwa desturi ni kazi ya wanaume, na kwamba mwaka 2017 serikali ilitoa amri ya kuwakataza wanawake. Nilikuwa nimewaeleza mapema kwamba mgeni huuliza kwa adabu na husikiliza jibu mpaka mwisho. Walisikiliza. Ndani ya basi, hata hivyo, mjadala haukwisha hadi tulipoziona taa za Bujumbura.

Kigali tulikwenda mwaka mwingine, kwa njia ya Kibondo, Nyakanazi na Rusumo. Katika kumbukumbu ya Gisozi wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hapa nataka nikiri kosa la upangaji. Nilikuwa nimepanga tutembelee Gisozi asubuhi na kwenda sokoni mchana, kana kwamba ni vituo viwili vya uzito mmoja. Ndani kuna chumba cha watoto, chenye picha za watoto waliouawa, na chini ya picha imeandikwa mtoto alipenda chakula gani, alipenda kucheza nini, na aliuawaje. Wanafunzi walisoma mambo ya chipsi na maziwa, kisha wakasoma mstari unaofuata. Tulipotoka, hakuna aliyezungumza, na mimi nikatazama ratiba nikaona aibu. Tuliifuta siku ile. Tulikaa bustanini mpaka waliotaka kulia walipolia na waliotaka kukaa peke yao walipokaa.

Jioni walianza kuzungumza, na walichozungumza kilikuwa Kigoma. Mmoja alisimulia jinsi mwaka 2015 alivyoiona meli ya MV Liemba ikishusha bandarini watu waliokimbia Burundi na kurundikana Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, wakati yeye akiwa mtoto mdogo. Mwingine, wa Kasulu, alisema amepita karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu maisha yake yote na hakuwahi kumuuliza mtu wa humo alitoka wapi na kwa nini. Sijapata kusikia somo la historia likifundishwa vizuri kuliko jioni ile, na mwalimu hakusema neno.

Kuhusu gharama nitakuwa mfupi. Safari ya siku tatu ya Burundi kwa basi la kukodi, wanafunzi wakilala katika mabweni ya shule mwenyeji, huwezekana kwa wazazi wengi ikiwa michango itaanza mwaka mzima kabla. Ya Kigali ni ghali zaidi. Msimwache nyuma mtoto anayefanya vizuri darasani kwa sababu ya nauli; punguzeni siku.

Wakirudi, siwapi insha ya "Safari Yetu", kwa kuwa naijua kabla hawajaiandika. Kila mmoja huandika jambo moja alilodhani ni la Kigoma peke yake akalikuta ng'ambo, na swali moja alilorudi nalo. Yule kijana wa Buhigwe aliandika swali lake kwa Kiha, nikalazimika kutafuta wa kunisomea.

Mwezi Juni tunakwenda tena. Hati za wanafunzi wawili bado hazijatoka, na kesho saa mbili asubuhi, kwa saa za Kigoma, nitakuwa ofisini kuzifuatilia. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.