Umri wa Mfuko na Cheo cha Kijana: Mhadhara kwa Wahasibu Vijana wa Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, na vijana mliofika,

Nimeombwa nizungumzie matarajio ya kupanda cheo kwa kijana anayeanza kazi katika mifuko ya mitaji binafsi, yaani mifuko inayokusanya fedha za mashirika ya maendeleo, mifuko ya pensheni na matajiri, ikanunua hisa za kampuni ambazo hazijaorodheshwa kwenye soko la hisa, ikazikuza kwa miaka kadhaa na kisha kuziuza. Wengi wenu mnaamini kwamba mchapakazi hupanda tu. Katika fani hii, uchapakazi ni sharti la kubaki kazini. Kupanda kunategemea zaidi umri wa mfuko.

Mfuko wa kawaida huishi miaka 10, na takriban mitano ya mwanzo ndiyo ya kununua. Anayeajiriwa mapema hushiriki ununuzi wa kampuni kadhaa na hujijengea jina. Anayeingia mwaka wa 6 hukuta manunuzi yamekwisha, akabaki na ripoti za robo mwaka, na wakubwa wake wakishindwa kukusanya mfuko mwingine hakuna cheo cha kumpa, awe hodari namna gani. Kwa hiyo kwenye usaili ulizeni mfuko una miaka mingapi kabla hamjauliza mshahara.

Nafasi zenyewe ni chache. Ada ya usimamizi kwa kawaida ni asilimia 2 kwa mwaka, kwa hiyo mfuko wa dola milioni 100 hupata dola milioni 2 za kulipia mishahara, pango, wanasheria na safari. Juu ya mchambuzi, yaani kijana anayeanza, yupo afisa uwekezaji, kisha meneja, mkurugenzi na mbia, yaani mmoja wa wenye kampuni inayosimamia mfuko. Na wabia, ambao mara nyingi ndio waanzilishi, hawana haraka ya kustaafu.

Ni kipi basi kinachomtofautisha mchambuzi mmoja na mwenzake? Tuchukue kiwanda cha minofu ya sangara hapa kwetu. Kitabu cha mauzo, yaani maelezo ya muuzaji kuhusu kampuni anayoiuza, kinachopelekwa kwa mfuko kitaeleza uwezo wa mitambo kwa tani, na mchambuzi aliyekaa Nairobi ataijaza namba hiyo kwenye jedwali lake na kukuza mapato mwaka hadi mwaka. Kijana aliyekulia Kirumba, hapa Mwanza, atauliza samaki watatoka wapi. Anajua kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa, kwamba viwanda vya Ziwa Victoria vimekuwa vikifanya kazi chini ya uwezo wake kwa uhaba wa samaki, na kwamba bili za umeme na ununuzi wa barafu zikilinganishwa na tani zinazodaiwa kuchakatwa, uongo hujitokeza wenyewe. Atakayeipeleka hoja hiyo mbele ya kamati ya uwekezaji, hata ikivunja dili ambalo mkubwa wake alilipenda, atakumbukwa. Vyeti vya uhasibu vya CPA navithamini, lakini vinakufikisha mlangoni tu.

Kuhusu fedha, kivutio kikubwa ni mgawo wa faida, yaani sehemu ya faida ya mfuko wanayopewa wanaousimamia, ambao kwa desturi ni asilimia 20, baada ya wawekezaji kurudishiwa mtaji wao pamoja na faida ya awali ya takriban asilimia 8 kwa mwaka. Mfuko ukipata faida ya dola milioni 80, mgawo wote waweza kufika milioni 16. Kijana aliyepewa asilimia 1 ya mgawo huo atapata dola 160,000, lakini huenda akazipata mwaka wa 9 au wa 10, na akiondoka mapema hupoteza sehemu au zote. Tena mfuko huhesabiwa kwa dola ilhali kiwanda kikiuza hapa nchini hupokea shilingi, na shilingi ikishuka, faida iliyoonekana vitabuni huyeyuka.

Wengi hawatafika kwenye ubia, nami sioni kwamba hilo ni janga. Kijana aliyefanya kazi ya mfuko kwa miaka mitano anaweza kuwa mkurugenzi wa fedha katika mojawapo ya kampuni zilizonunuliwa, akapewa hisa humo, akaamua mambo ambayo kule alikuwa akiyaandikia ripoti tu. Akitaka njia hiyo, aombe kuhudhuria vikao vya bodi ya kampuni hizo tangu akiwa mchambuzi, hata kama ni kwa kuandika muhtasari, maana wenye kampuni humwajiri mtu waliyekwisha kumwona akifanya kazi.