Jinsi ya Kulinganisha Tija na Ukuaji wa Uchumi wa Nchi Mbili kwa Lahajedwali

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunapima tija ya kazi, yaani thamani inayozalishwa kwa kila saa ya kazi, kwa kutumia Penn World Table, jedwali la takwimu linalotunzwa na Chuo Kikuu cha Groningen nchini Uholanzi na linalopatikana bila malipo. Kupakua faili na kuchuja nchi mnakujua, kwa hiyo nimeshatangulia.

Hapa simamisheni video ikibidi. Jedwali hili lina safuwima kadhaa za Pato la Taifa, na kwa sura zote ni ndugu. Ile ya rgdpna hufuata ukuaji uliomo katika hesabu za taifa za nchi yenyewe, hivyo huonyesha nchi moja ilivyokua mwaka hadi mwaka. Ile ya cgdpo imerekebishwa kwa uwiano wa uwezo wa kununua, yaani kwa kuzingatia tofauti za bei kati ya nchi, na ndiyo inayofaa kupambanisha nchi mbili katika mwaka uleule. Narudia: cgdpo kwa kulinganisha nchi, rgdpna kwa ukuaji. Wala msigeuze sarafu kwa kiwango cha soko la fedha, kwa kuwa huduma kama za kinyozi huwa na bei ndogo katika nchi zenye kipato cha chini, na kiwango hicho kitazifanya zionekane maskini kuliko zilivyo.

Gawanyeni pato kwa zao la safuwima za emp na avh, yaani wafanyakazi mara wastani wa saa zao kwa mwaka. Ngojeni kidogo, nchi ya pili imetoa alama ya kosa. Fomula ni sahihi. Nchi nyingi hazina takwimu za saa humu. Tutatumia pato kwa kila mfanyakazi, lakini kwa nchi zote mbili, si kwa ile yenye pengo peke yake.

Sasa ukuaji, kwa rgdpna, si cgdpo, tafadhali. Igawanyeni kwa emp, kisha toeni logi asilia ya pato la mwaka wa mwanzo kutoka ile ya mwaka wa mwisho, mgawanye kwa idadi ya miaka. Mimi hupenda logi kwa sababu hujumlishika bila usumbufu. Tuseme pato kwa mfanyakazi limekua kwa asilimia 3, na mtaji, yaani mitambo na majengo, kwa mfanyakazi vilevile. Mgawo wa mtaji, yaani sehemu ya pato inayokwenda kwa wenye mtaji, ukiwa theluthi moja, mtaji umechangia 1, na 2 zilizosalia ni baki la Solow, yaani ukuaji usioelezwa na mtaji, kwa jina la mwanauchumi Robert Solow aliyelikokotoa kwa Marekani katika makala ya mwaka 1957. Msiharakishe kuliita teknolojia, kwani ndani yake hujificha pia elimu na makosa ya vipimo.

Mkiichagua Ireland, angalieni mwaka 2015: pato liliruka kwa zaidi ya asilimia 20, hasa kwa sababu kampuni za kimataifa zilihamishia huko hakimiliki na mali nyingine zisizoshikika. Kwa nchi hiyo tumieni mapato ya taifa yaliyorekebishwa, ambayo ofisi yake ya takwimu huyachapisha kwa ajili ya tatizo hilohilo.