Katekisimo Iliandikwa kwa Ajili ya Nyumbani

Wapendwa wazazi, wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha watoto imani yetu ya Kilutheri. Jibu langu nalitanguliza: mtoto huyajua mafundisho kwa kuyaomba. Tukingoja aelewe kwanza ndipo aombe, tutakuwa tumechelewa.

Mwaka 1528 Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa ambaye sisi Walutheri tumeitwa kwa jina lake, alishiriki ukaguzi wa sharika huko Saxony, Ujerumani. Alikuta watu waliobatizwa na wanaoshiriki Meza ya Bwana, lakini hawajui Sala ya Bwana, wala Imani ya Mitume, wala Amri Kumi. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani. Sehemu zake zina maelezo kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mwenye nyumba, wapendwa! Sisi tumeiweka kando hadi mtoto afike darasa la kipaimara, akariri, aulizwe maswali, abarikiwe, basi. Jambo hili linaniuma sana.

Tazameni sala ya asubuhi ilivyopangwa mle. Ukiamka, jiwekee ishara ya msalaba na useme: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. (Wako Walutheri wanaodhani ishara hiyo ni ya Wakatoliki peke yao. Imo katika Katekisimo yetu.) Mtoto wa miaka mitatu anayaweza hayo, na jina analolitaja ndilo alilobatizwa kwalo. Hajajua kusoma, lakini ameshaanza kufundishwa ubatizo wake. Kisha inafuata Imani, Sala ya Bwana na sala fupi ya shukrani, halafu kila mtu aende kazini kwake kwa furaha.

Mezani kuna Zaburi ya 145: “Macho ya watu wote yakuelekea Wewe, nawe huwapa chakula chao wakati wake.” Mtoto akiuliza riziki tunayoiomba katika Sala ya Bwana ni nini hasa, Luther ameshamjibu: ni chakula na mavazi, viatu na nyumba, hata serikali njema, amani, marafiki wema na majirani waaminifu. Mwacheni mtoto aongeze vyake.

Lakini ninalotaka mlichukue zaidi ni hili. Mwaka 1535 kinyozi mmoja, Peter Beskendorf, alimwomba Luther amfundishe kuomba. Luther alimwandikia kitabu kidogo. Alimwambia achukue amri moja na kuipitia mara nne: inanifundisha nini, nishukuru kwa lipi, niungame lipi, niombe nini.

Chukueni amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Mtoto amerudi akisimulia mabaya ya mwenzake. Jioni kaeni kitandani pake, muulize: Mungu anataka tumseme mwenzetu vipi? Atajibu kwa maneno yake, nawe umwongezee ya Katekisimo, kwamba tumtetee na tuyachukulie mambo yake kwa wema. Tushukuru kwa nani aliyewahi kututetea? Kisha mzazi aungame kwanza, kwa sauti: “Bwana, leo nilimsema jirani yetu vibaya, unisamehe.” Mtoto atafuata. Mwisho mwombeeni yule mwenzake kwa jina. Ni dakika tano tu, na hapo mtoto amekutana na sheria na injili kwa pamoja: amri imemwonyesha dhambi yake, na msamaha ameupokea kwa ajili ya Kristo. Msiache kumwambia kwa maneno, “Umesamehewa.”

Nawasihi, sala isifanywe adhabu. Anayeambiwa “kwa kuwa umekosa, nenda kasali” anajifunza kwamba Mungu hulipwa, na hapo tumeibomoa neema kwa mikono yetu wenyewe. Wala msirefushe. Sala ya jioni ya Luther ni fupi, na baada yake anasema lala mara moja, ukiwa na moyo mchangamfu.

Kwa vijana waliokwisha kubarikiwa, wapeni zamu ya kuongoza sala ya nyumbani. Baba na mama waitikie.

Na ninyi wainjilisti, mkienda kumtembelea mzazi anayejiandaa kubatiza mtoto, nendeni na Katekisimo Ndogo mkononi. Fungueni pamoja ukurasa wa sala ya asubuhi, muisome naye pale pale, na kitabu mmwachie.