Mjomba Hakuulizwa

DADA: Shikamoo Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo.

DADA: Milele amina. Wasikilizaji, mnajua mimi ni Muanglikana wa Masasi, lakini nikifika hapa Ndanda salamu za Kikatoliki zinanitoka zenyewe. Leo tunazungumzia uchungaji wa familia, yaani jinsi kanisa linavyozihudumia familia. Mwalimu amekuja amenuna.

MWALIMU: Sijanuna. Juzi nilikuwa kwenye semina ya familia. Walioitwa ni baba na mama. Natazama viti, nusu vitupu. Wenyewe wako Dar es Salaam wanatafuta riziki. Sasa watoto wako kwa nani?

DADA: Kwa bibi.

MWALIMU: Na bibi yuko nyuma ya ukumbi, kwenye mafiga, anapika chai ya semina! Nikajiuliza, hapa tunamfundisha nani?

DADA: Ila huku kwetu, hata baba na mama wangekuwepo, bado kungekuwa na mtu amekosekana.

MWALIMU: Mjomba! Sema tu. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo tunauhesabu kwa mama. Mimi katekista miaka yote nimefundisha kwamba baba ni kichwa cha nyumba, nikitoka hapo nakwenda kumuuliza mjomba kama mpwa wake aolewe au asiolewe.

DADA: Kuna ndoa naijua, ilishatangazwa kanisani mara mbili. Jumapili ya tatu mjomba mtu kasimama uani, hagombi, hapazi sauti, anauliza tu: "Huyu binti mmemposa kwa nani?" Mchungaji alishazungumza na wazazi wote wawili, akajua kamaliza.

MWALIMU: Ikawaje?

DADA: Ilisogezwa mpaka baada ya msimu wa korosho. Na mjomba alichotaka, Mwalimu, ni kuja kuketi na kuulizwa. Basi.

MWALIMU: Mimi linaloniuma ni la ubatizo. Bibi mmoja alizungushwa mara tatu na mjukuu mgongoni. Anafika ofisini, anaambiwa alete wazazi. Mama wa mtoto yuko mbali, baba hajulikani aliko. Mara ya tatu akaniambia, "Mwalimu, mimi nimechoka kupanda bodaboda ya kurudishwa."

DADA: Na sheria yenu inasemaje?

MWALIMU: Hapo ndipo penyewe. Kanuni ya 868 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inataka ridhaa ya wazazi, au mmoja wao, *au mtu anayeshika nafasi yao kihalali*. Na pawe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Sasa nionyeshe tumaini lenye msingi kuliko bibi anayekuja kusali jumuiya, na majirani, kila wiki! Sisemi paroko asiulize. Aulize, ampigie simu mama, aandike. Lakini asimrudishe mtu kana kwamba amemwiba mtoto.

DADA: Timotheo mwenyewe, Paulo anapoikumbuka imani yake anaanza na bibi, Loisi, ndipo mama, Eunike.

MWALIMU: Na baba yake Myunani. Paulo hakusema "niletee baba."

DADA: (anacheka) Twende jando na unyago, maana likizo ya Desemba haiko mbali. Kwetu Masasi hili lina historia. Misheni ilianza mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, na askofu wetu wa kwanza, Vincent Lucas, aliyewekwa mwaka 1926, ndiye aliyesimamia jando la Kikristo. Hakulipiga marufuku. Tohara ikabaki, mafunzo yakabaki, wazee wakabaki na kazi yao. Palipokuwa na matambiko ya mizimu ndipo pakaingia sala.

MWALIMU: Wazee wenu walimpenda kwa hilo.

DADA: Wapo waliompenda, wapo wamisionari wenzake waliokunja uso. Na upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi. Unyago ni wa kina mama, askofu ataingilia wapi? Mimi naona mpaka leo tumekwama palepale. Mchungaji anahubiri juu ya unyago madhabahuni, wakati somo, yule mama anayemfunda binti, ameketi benchi la tatu na hajawahi kufuatwa kuzungumza naye.

MWALIMU: Somo anaweza kuwa mwanakwaya kabisa.

DADA: Kwetu alikuwa mweka hazina wa Umoja wa Akina Mama! Mfuate kwake, keti mkekani, muulize mwaka huu mtamfundisha nini binti, mtamrudisha shule lini. Anasikiliza. Asiyesikiliza ni yule uliyemsema hadharani.

MWALIMU: Sisi Wakatoliki tuna ugonjwa mwingine, wa vyama. Bibi yuko WAWATA ya wanawake, baba UWAKA ya wanaume, kijana VIWAWA ya vijana, mdogo Utoto Mtakatifu wa watoto. Nyumba moja, wanasali siku nne tofauti. Wanakutana wote msibani.

DADA: Kwa hiyo unafanyaje?

MWALIMU: Jumuiya ikifika nyumbani kwangu, sitaki mwongozaji wa kupangiwa. Mjukuu anasoma Injili, kisha naomba bibi aeleze alivyobatizwa. Tuna bibi mmoja hajui kusoma, lakini litania ya Bikira Maria anayo yote kichwani, haruki hata mstari. Mjukuu wake akamrekodi kwa simu, akaituma kwenye kundi la ukoo. Mama wa huyo mjukuu, huko Dar, akapiga usiku huohuo, analia.

DADA: Na Papa Fransisko tangu mwaka 2021 aliwawekea mababu na wazee siku yao, Jumapili ya nne ya Julai.

MWALIMU: Tunaiadhimisha. Tunawapa kanga na soda, picha, wanarudi nyumbani. Mwaka huu nimeomba zawadi iwe kuikubali ridhaa ya bibi kwenye ubatizo.

DADA: Wamekujibu?

MWALIMU: Paroko kasema nimlete yule bibi Jumamosi. Bodaboda nalipa mimi.

DADA: Na mjomba wa mtoto?

MWALIMU: ...Lo. Hebu zima hicho kinasa sauti nimpigie.